Udi wa Bi Mwanakuu Uliungua

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Leo mzaha wangu nimeuacha nje. Wa mwisho niliofanya ndio huu ninaowasimulia.

Tunamkumbuka Bi Mwanakuu wa mtaa wa Kuze, mpishi wa udi wa maharusi. Umri, miaka hamsini na minne. Kisukari, miaka tisa. Pua yake ilijulikana mji mzima. Nikipita mlangoni pake huniambia: "Wewe wanuka redio. Kaoge."

Jumatatu moja alikuwa akipika udi wa harusi ya Ijumaa, vipande vya udi na sukari sufuriani. Nikasikia harufu. "Bi Mwanakuu, huo ni udi ama umechoma jaa la Kibarani?"

Yeye, asiyeshindwa kwa maneno, alishika shavu, akasema ana mafua. Nikaenda zangu nikicheka.

Hayakuwa mafua, wasikilizaji. Hakuwa akisikia harufu yoyote. Raihana, mke wa mwanawe, anasema: "Aliniita, 'Mwanangu, ninusie.' Sukari ilikuwa imeungua, nyeusi. Nikaona haya. Nikamwambia, 'Mama, udi wanukia vizuri.'"

Alhamisi jicho la kushoto likavimba, likafumba. Hospitalini Daktari Auma akamulika puani, akaona nyama nyeusi. Ni ukungu. Ndugu yake ule wa mkate uliolala. Lakini sukari ikipanda mwilini, huu humla mtu uso, kisha jicho, kisha ubongo. Dawa hutiwa mshipani, na sukari lazima ishushwe. Ila dawa haifiki kwenye nyama iliyokufa. Hiyo hukatwa. Siku hiyo hiyo.

"Tutakata ndani ya pua, na jicho tutalitoa," daktari akasema.

"Nikitoka nitanusa?"

"Hapana, mama. Ila huenda ukaishi."

"Niishi nikifanya nini?"

Akaomba siku moja afikiri. Siku moja tu. Ijumaa akakubali, wakakata. Ukungu ulikuwa umeshatangulia ubongoni. Bi Mwanakuu alifariki Jumapili.

Sufuria ile Raihana hajaiosha. "Siku tatu nilizompotezea mama zimo humu," aliniambia.

Pole Raihana. Pole mumewe, na jamaa wote wa Kuze. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na wewe mwenye kisukari, uso ukikuuma upande mmoja, pua ikikataa harufu, nenda hospitali leo. Na wewe uliye naye nyumbani, akikuuliza kama kimeungua, mwambie kimeungua. Kisha usiondoke.

Mimi nilimwambia. Nikaondoka.