Anatafutwa Asiyejua

Benchi lenyewe lilitupwa na shule ya msingi baada ya kuvunjika mguu mmoja. Likaokotwa, likawekewa tofali, na siku hiyo hiyo likapanda cheo likawa chuo kikuu. Hapo kwenye kona, mbele ya duka la fotokopi, hakuna swali lililowahi kukosa jibu. Uliza bei ya dola, uliza ugonjwa wa kuku, uliza kwa nini mwezi hauanguki. Utajibiwa, na ukibisha utajibiwa tena kwa sauti ya juu zaidi. Wenye benchi ni watatu. Kuna Wakili, dalali wa nyumba, ambaye sheria hajaisoma hata gazetini, ila mdomo wake haujawahi kushindwa kesi. Kuna Kocha, mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, aliyekuwa golikipa ujanani na ambaye mpaka leo anawalaumu mabeki. Na kuna Pasi, dobi, mtu wa maneno machache, ambaye Jumamosi hii alikuwa amefunga duka lake siku ambayo nguo hujaa mpaka mlangoni, akavaa shati lililonyooka mpaka linatisha, akaja kukaa. Kahawa anauza mwanamke wanayemwita Shemeji, ingawa hakuna anayejua ni shemeji wa nani.

Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili, palikuwa na ukumbi, na kwenye kibaraza chake kilitundikwa kitambaa: KARIBUNI WOTE, SIKU YA WAANDIKA PROGRAMU. MADA, VIFAA VIPYA, MASHINDANO, MAFUNZO. Vijana walikuwa wanapanda ngazi wakiwa na mabegi mgongoni.

— Mgeni rasmi! — Wakili alimgeukia Pasi. — Mbona uko na sisi walalahoi? Binti yako si yuko huko juu anakungoja?

— Wakati wangu haujafika, — Pasi akajibu, akavuta kikombe.

Wakati wake ulikuwa umeshapita, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Alhamisi jioni, akiwa anapiga pasi suruali ya mteja, binti yake alimjia na simu mkononi. Kwa miezi mingi msichana huyo alikuwa akitengeneza programu ya foleni ya kliniki, ili mgonjwa achukue namba akiwa nyumbani, aende zamu yake ikikaribia. Wazo lilimjia siku aliyokaa na mama yake kutwa nzima kungoja daktari. Jumamosi ataionyesha mbele ya majaji, na atakayeshinda anapata nafasi kwenye mafunzo ya miezi sita ambayo alishayaomba akakosa. "Baba," alisema, "nahitaji mtu asiyejua kitu. Uje wewe." Pasi akaisimamisha pasi. "Dunia yote hii, asiyejua umemwona baba yako?" Binti akasema siyo hivyo, Baba, kisha akaona ni hivyo, akaondoka. Tangu hapo alikuwa akimwamkia vizuri na kumnyamazia vizuri, na Pasi angeona afadhali atukanwe. Benchini, lakini, alikuwa amesema amealikwa kama mshauri.

— Sasa mshauri, — Kocha akasogea, — hebu tufahamishe. Hao vijana huko juu wanafanya nini hasa? Maana mimi nawaona kila mwezi wanapanda, wanashuka, na sijawahi kuona walichobeba.

Pasi alikohoa. — Wanaandika.

— Wanaandika nini?

— Programu.

— Mimi nilishawachungulia, — Wakili akaingilia, kwa kuwa kesi ilikuwa inapoa. — Nilipeleka mteja kuona chumba pale jirani. Wote wameinama! Ndipo nikaelewa wahenga: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walikuwa wanaijua kompyuta.

— Na vile vitu masikioni?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo wanaziba masikio kabisa, wasije wakalisikia nusu.

— Hapo umesema, — Kocha akakubali. — Na wanachapa kwa vidole vyote kumi, umeona? Mimi kwenye simu natumia kimoja.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, ndugu yangu. Ndiyo maana ujumbe wako haufiki.

Shemeji alicheka, akamwaga machicha ya kahawa mtaroni. Pasi naye alicheka kidogo, jicho likiwa juu kwenye madirisha. Alitamani binti achungulie, hata kwa bahati mbaya, amwone baba yake amevaa.

— Na hivyo vifaa vipya wanavyofundishwa, — Kocha hakuchoka, — mshauri, ni nyundo? Ni nini?

Hapa Pasi alikuwa na kitu cha kweli. Aliwahi kumsikia binti akimweleza mwenzake kwenye simu, na yeye akiwa ananyunyizia maji kola.

— Kuna kimoja, — alisema taratibu, — kinakumbuka kila kitu. Ukiandika, kinakumbuka. Ukifuta, kinakumbuka ulichofuta. Kosa nani kalifanya, siku gani, saa ngapi, kinalo lote. Hata baada ya miaka kinakutolea.

Benchi likatikisa vichwa kwa heshima.

— Hicho, — Wakili akasema, — mimi ninacho nyumbani. Nimekioa.

— Na yeye ana chake, — Shemeji akamjibu. — Chake hakifanyi kazi mpaka kipewe kahawa ya mkopo.

Kocha alicheka mpaka tofali likateleza, benchi likainama upande wake, wakainuka wote watatu kulitengeneza. Walipokaa tena, Pasi alijikuta amenogewa. Watu wazima wawili walikuwa wanamtazama mdomoni, na mtu akitazamwa hivyo ukweli humwishia haraka.

— Kingine, — akasema, — kinaandika programu chenyewe. Wewe unakiomba tu.

— Unakiomba? — Kocha akashtuka.

— Unakiomba kwa maneno mazuri. Ukikiomba vibaya, kinakupa vibaya.

— Basi hiyo si kazi tena, hiyo ni dua!

— Hapana, — Wakili alinyanyua kidole, na wenzake wakajua sasa ndiyo inakuja. — Sikilizeni. Mmewahi kuona kijana yeyote anapanda pale bila begi? Hakuna. Na ndani ya begi kuna nini? Kompyuta. Akisahau kompyuta, anarudi nyumbani kuifuata. Akija yeye bila kompyuta, haingii. Ikija kompyuta bila yeye, je? Inaingia! Sasa niambieni, aliyealikwa ni nani?

— Kompyuta, — Kocha akanong'ona.

— Kompyuta! Kijana ni mpagazi. Kompyuta ndizo zina mkutano. Zinakutana kila mwezi, zinapeana habari zetu, hao watoto wamekaa pembeni wamewekewa soda wasisumbue.

— Ndiyo maana kuna mashindano ya kukesha siku mbili bila kulala!

— Zinamtafuta mpagazi asiyechoka.

— Na fulana! — Kocha sasa alikuwa amesimama. — Wanapewa fulana za bure, maandishi yote yako mgongoni. Kwa nini mgongoni? Ili asomaye awe nyuma yao. Nani yuko nyuma yao, Wakili? Nani?

— Hilo tuliache, kuta zina masikio. Ila angalieni hayo mafunzo. Miezi sita, bure, na chakula cha mchana juu yake. Mnajua kitu gani kingine hapa duniani ni cha bure, miezi sita, na chakula unapewa?

Kocha alifikiri.

— Jela.

— Nimemaliza, — Wakili akasema, akanyoosha kikombe aongezewe. — Mshauri, nimekosea?

Pasi alitaka kusema umekosea. Alitaka kusema binti yangu anaililia hiyo jela, mara ya kwanza alipokosa nafasi alikaa chumbani mpaka mama yake akaingia naye wakalia wote. Lakini mshauri haanzi kusema habari za vilio benchini. — Kuna ukweli ndani yake, — alisema, na palepale akajichukia.

Ndipo msichana mmoja akavuka barabara mbio, kitambulisho kikimrukaruka shingoni. Alisimama mbele yao akihema.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Vuta pumzi, — Shemeji akamwambia.

— Samahani, wazee wangu. Natafuta mtu asiyejua. Kati yenu hapa, asiyejua ni nani?

Benchi halijawahi kuulizwa swali kama hilo. Wakili alitazama viatu vyake. Kocha, aliyekuwa amesimama, alikaa.

— Asiyejua nini? — Wakili akauliza, akitafuta mlango wa kutokea.

— Chochote kuhusu programu. Huko juu kuna dada anaonyesha kazi yake, na sharti ni mtu asiyewahi kuiona aishike mbele ya majaji, aitumie bila kufundishwa, tuone anakwama wapi. Sisi tunaoandika hatukwami, tunajua pa kubonyeza, kwa hiyo hatufai. Alikuja na shangazi yake. Kumbe shangazi jana kutwa amefanya mazoezi kwa siri ili asimwaibishe mtoto. Kabonyeza yote sawasawa kama mashine, majaji wakamkataa. Asipopatikana mwingine sasa hivi, dada anaondolewa. Awe jamaa yake, awe mpita njia, hawajali, mradi hajui.

Basi lilipita, likamaliza kupita.

— Labda mwenzangu huyu, — Kocha akamwonyesha Wakili kwa kidevu.

— Mwenzako nani? Mimi? Mimi nimeanza kuzungumzia kompyuta wewe ukiwa unafungwa mabao! Binti, umekosea benchi. Hapa tunajua. Wasiojua utawapata kule kwa mafundi baiskeli.

— Mimi ningekuja, — Shemeji alisema, — najua kutokujua na wala sioni haya. Lakini alishanionyesha Jumanne alipokuja kunywa kahawa. Mtoto yule amemwonyesha kila mtu mtaa huu. — Akageuza macho kwa Pasi, bila ukali. — Kila aliyekubali kuangalia.

Msichana akatazama barabara huku na huku, kisha akamtazama mtu wa shati lililonyooka.

— Na wewe, Baba?

— Huyo! — Wakili akacheka kwa faraja kubwa. — Huyo ndiye mjuzi wetu! Huyo ni mshauri, amealikwa! Amekuwa akitufundisha tangu asubuhi.

Pasi alihisi joto likimpanda shingoni mpaka kwenye kola. Ingekuwa rahisi kubaki mshauri. Angekunywa kahawa yake, msichana angekwenda kwa mafundi baiskeli, na jioni binti angerudi nyumbani, akamwamkia vizuri, akapita.

— Sijui, — alisema.

— Hujui nini? — Kocha akauliza.

— Sijui lolote. Hilo la kukumbuka nilimsikia binti yangu akiliongea kwenye simu. La kuomba nilidakia vilevile. Mengine nilikuwa naitikia tu. Sikualikwa kuwa mshauri wa mtu. Niliombwa niwe asiyejua, nikakasirika.

Aliyasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, na alipomaliza alishangaa kuona benchi bado limesimama.

— Una uhakika hujawahi kuonyeshwa? — msichana akauliza.

— Alitaka kunionyesha mara nyingi, — Pasi akasema, akaweka kikombe chini. — Nilikataa.

— Basi wewe ndiye! Twende, Baba, twende!

Walivuka. Nyuma yake alimsikia Wakili, ambaye sauti yake haijui kunong'ona:

— Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba hajui.

— Ulijuaje?

— Alikuwa anakubaliana na mimi.

Ukumbi ulijaa vichwa na nyaya. Binti yake alikuwa mbele kabisa, amesimama kama mshtakiwa anayengoja hukumu, na shangazi mtu ameketi pembeni anajifuta machozi kwa khanga. Kitu cha kwanza Pasi alichokiona, kwa kuwa jicho la dobi haliendi likizo, ni kola ya binti: upande mmoja umelala, mwingine umekunjamana. Wiki hii alikuwa amejipigia pasi mwenyewe. Pasi aliona uchungu kuliko maneno yote ya Alhamisi.

Binti alimwona. Akasogea hatua moja.

— Nimekuja, mwanangu, — Pasi akasema. — Nimeambiwa mnanihitaji, na sijui kitu.

Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akampa simu. — Sema kila unachowaza, mzee wangu. Ukikwama, tuambie. Usijikaze.

Pasi aliishika kwa mikono miwili. Vijana wote wale walikuwa wamemtulia kimya, wengine wameshika kalamu, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Akatazama kioo. Akasogeza kidole, akakirudisha.

— Nimekwama, — alisema.

— Wapi?

— Mwanzoni kabisa. Hapa pameandikwa "Endelea." Sasa naendelea wapi, na bado sijaanza?

Mnong'ono ukapita ukumbini, kalamu zikaandika kwa pupa. Binti akaja akainama pembeni yake, akakitazama kioo kwa macho ya baba yake, kama hajawahi kukiona.

— Miezi yote hii, — alisema polepole, — hakuna aliyeniambia hilo.

— Nimekuharibia?

— Hapana, Baba. — Alikuwa anacheka, na macho yamejaa. — Uko sawa kabisa. Kwama tena.

Pasi akakwama tena.