Kitunguu cha Famanyame

Benchi letu liko mbele ya meza ya Alhassan, muuza kahawa wa pale Asafo, Kumasi, ambaye hukaanga mayai kutwa huku sisi tukikaanga siasa. Asubuhi hiyo siasa hatukuigusa. Kwadwo Fundi Umeme alifika maziwa hayajachemka, mkono mmoja kamba ya mbwa, mwingine mfuko wa chakula kikavu cha mbwa, uso umemshuka kama aliyeunguza transfoma ya mtaa mzima. Mbwa alikuwa wa Pokuaa, muuza vitenge, mwanamke anayemtaka kwa ndoa, na hakuna asiyejua. Pokuaa alikwenda msibani Sunyani akamwachia mbwa, naye Kwadwo akalichukulia jambo hilo kuwa mtihani. Mbwa aliitwa Famanyame, yaani mwachie Mungu, jina alilopewa makusudi ili jirani mbaya alisikie kila mbwa anapoitwa. Sasa Famanyame kagoma kula, na mwenyewe yuko njiani anarudi.

— Alisema nichanganye na kitu kibichi kidogo, Kwadwo akatuambia. Kitu gani, sikumbuki. Nilikuwa namwangalia yeye.

Hapo hakuna aliyemlaumu. Daktari, ambaye udaktari wake ni wa kuuza dawa za mizizi kwenye mabasi, alichota punje moja mfukoni, akaitafuna macho kafumba.

— Hiki hakina kitu ndani, bwana. Hata mimi ningegoma.

Mahakama, karani mstaafu anayepinga kila neno tangu alipostaafu, naye akatafuna, akasema ladha ipo ila inachelewa kufika. Wakatafuna tena kutafuta ushahidi. Nikaonja na mimi, nikajuta.

Daktari akatangaza kwamba dawa ni samaki, maana mbwa asiyekula samaki hubwekea wenyeji na kumsindikiza mwizi. Mahakama akakataa katakata: mbwa wa Kumasi bahari ameionea wapi, huyu anataka majani ya magimbi. Alimjua mbwa wa Obuasi aliyelishwa majani hayo hadi akawa ananusa askari akiwa bado yuko kwake anavaa viatu. Daktari akaona anashindwa, akaleta yai. Mbwa wa shangazi yake alipewa mayai mwezi mmoja tu, akaanza kwenda kanisani mwenyewe, tena anakaa upande wa akina mama. Mimi nikasema bila mawese yote hayo ni bure. Sikuwa na sababu, ila sikutaka kuachwa nyuma.

Alhassan akatuazima jiko na sufuria. Samaki akaingia, majani yakaingia, mayai, karoti za kuchanganya rangi, mawese yangu juu. Kila mmoja akawa anaonja alichotia mwenzake ili apate cha kulaumu, na lawama zikazidi kupungua. Harufu ikaanza kusimamisha wapita njia. Kwadwo akarudiwa na uso wake, akawa anapepea makaa huku anaimba.

Mahakama, kijiko mdomoni, ndiye aliyeuliza.

— Kwadwo, hivi kuna kitu alikukataza?

— Ndiyo. Chumvi. Na kitunguu. Alisema kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Wote tukainama juu ya sufuria. Vitunguu vilikuwamo, vyekundu, vinang'aa kwa mawese.

— Nani katia kitunguu?

Daktari akaapa kwamba yeye ni wa samaki tu. Mahakama akadai asihojiwe bila shahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Nilimwona Kwadwo mwenyewe akivichota kwenye bakuli la Alhassan na kuvimwaga kwenye mafuta, hata hakuangalia, maana kwetu mafuta yakipata moto mkono hufuata kitunguu wenyewe. Nikanyamaza kwa kumhurumia.

— Basi mbwa hawezi kula, Daktari akasema kwa huzuni niliyoitilia shaka. Na kumwaga ni dhambi.

Tukala. Famanyame alikaa mbele ya punje zake, anasindikiza kila tonge kwa macho.

Pokuaa alitukuta hivyo hivyo, bado kavaa nguo za msiba. Akalitazama bakuli la mbwa lililojaa punje, sufuria iliyokaribia kutakata, na midomo yetu. Aliokota karoti moja iliyobaki mezani, akaivunja kwa meno, vipande akavidondoshea kwenye zile punje. Famanyame akazamisha kichwa, na baada ya muda mfupi kilichosikika ni ulimi ukisugua bakuli tupu.

— Wanaume wanne na sufuria, Pokuaa akasema. Hakuna aliyefikiria kumpa karoti?

Alhassan akakumbuka maziwa yake. Kwadwo alitazama chini, na niliumia kwa ajili yake, kwa kuwa nilijua posa imeishia hapo benchini.

Pokuaa akapitisha kidole kwenye sufuria, akalamba. Akasita. Akapitisha tena.

— Tangu Sunyani sijatia kitu tumboni. Hiki kitunguu kakaanga nani?

Mkono wa Daktari ukapanda. Mahakama alisimama kabisa. Wangu nao ulikuwa juu, na mimi nina mke. Kwadwo peke yake alibaki kainamisha kichwa, mikono kaibana katikati ya magoti, anasubiri hukumu.

— Kumbe ni wewe, Pokuaa akamwambia. Jumapili ukitoka kanisani, uje kwangu upike.