Sangria ya Eufrasia, Ulimi wa Wifi

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi huko mliko, jikoni, shambani, au bado kitandani mnajivuta. Ni mimi Casilda. Leo nimekuja na msiba, ingawa mnanijua, utani kidogo hautakosa kuniponyoka.

Jumapili iliyopita, hapa Fuentelarga, tulimzika Eufrasia Calleja. Eufrasia, mjane wa Saturio. Eufrasia wa sangria, ile divai yetu ya matunda na viungo. Ameaga dunia akiwa na miaka themanini na mmoja, nyumbani kwake, baada ya moyo kumsumbua kwa wiki tatu.

Sasa niwaulize jambo ambalo limenitatiza tangu usichana wangu. Mnaikumbuka siku ya Mtakatifu Martino. Mavuno yameisha, baridi imeanza kuuma, divai mpya imefunguliwa, na sote tumejazana kwenye pango la divai chini ya kilima. Eufrasia kasimama nyuma ya beseni la udongo, upawa mkononi. Anamjazia mtu kikombe. Halafu anamkodolea macho. Hapepesi, hajibu salamu, mpaka yule mtu ameze. Kwa nini? Mimi nilidhani anatafuta sifa. Wengine walisema ni maringo. Loo, tulikosea sote!

Tuanze na beseni. Kwetu beseni lina mtu mmoja tu. Akichoka, anakabidhi upawa mbele ya watu, na aliyekabidhiwa anakaa nao mpaka ashindwe. Mwaka 1978 aliyechoka alikuwa mama yake Saturio. Yule mama alikuwa na binti wa kumzaa, Petronila, aliyekuwa akikata mapeasi ya sangria tangu ana miaka tisa. Kijiji kizima kilijua upawa ni wa Petronila. Siku ilipofika, mama akampita Petronila akampa mkwewe, Eufrasia, mwanamke wa kuja kutoka ng'ambo ya mto.

Petronila yuko nami hapa studioni. Ana miaka sabini na minane na amekataa kuvua koti.

"Bibi Petronila, ulinuna miaka mingapi?"

"Sikununa. Nilimsalimia kila siku. Ila kila nikimsalimia, meno yalikuwa yananiuma."

"Na mama ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Wewe una haraka. Yule ana pua.'"

Na kweli alikuwa na pua, wasikilizaji. Eufrasia hakupima kitu. Alichemsha maji na sukari, akatia vijiti vya mdalasini, karafuu na maganda ya chungwa, akainamia sufuria macho kafumba. Pua ikimwambia basi, anaepua. Anaiacha ipoe kabisa, kwa sababu divai nyeupe ukiimwagia maji ya moto umeiua. Kisha ndipo anaimimina kwenye beseni pamoja na divai, juu ya mapeasi na matofaa yaliyokwisha kunyweshwa brandi, na anafunika na kitambaa mpaka kesho yake.

Pua ilimwambia kila kitu. Halafu pua ikanyamaza.

Ilikuwa mwaka 1987, Februari. Mafua makali yalimlaza wiki mbili. Alipoinuka, kahawa haikuwa na harufu. Sabuni haikuwa na harufu. Alisubiri mwezi, alisubiri mpaka mavuno. Wapi! Ulimi ulibaki unajua utamu na ukali tu. Mdalasini au kijiti cha kuni, kwake vilikuwa sawa.

Binti yake, Obdulia, ameniambia hata yeye hakujua. "Nilijua mama anaunguza maziwa," amesema. "Nikadhani ni uzee, na wakati huo hata miaka hamsini hajafika!"

Sasa fikirini. Akisema, upawa unaondoka. Na unakwenda kwa nani? Kwa Petronila. Mwanamke wa kuja, amepewa heshima mbele ya binti wa nyumba kwa ajili ya pua, na pua yenyewe haipo. Eufrasia alinyamaza. Alimwambia mtu mmoja tu, mumewe. Kila Novemba Saturio alishuka pangoni, akaonja, akasema "zidisha" au "acha". Hivyo ndivyo sangria yetu ilivyotengenezwa kwa miaka kumi na minane, na sisi tunakunywa na kusifu pua.

Aprili 2005 Saturio akafa.

Novemba ikaja, na Eufrasia akashuka pangoni peke yake. Petronila alikuwa anapeleka mapeasi, wajibu wa kila mwaka, na hamu hana. Muacheni aseme mwenyewe.

"Nilikuwa bado niko kwenye ngazi, harufu ikanipiga. Karafuu! Kama umefungua mlango wa daktari wa meno. Nikamwambia, 'Wifi, umeonja?' Akasema, 'Nimeonja, iko sawa kabisa.' Kwa utulivu kabisa, Casilda. Hapo nikajua."

"Ukamwambiaje?"

"Sikumwambia kitu. Niliweka kikapu chini nikapanda juu."

"Ala! Ukamwacha?"

"Nilimwacha. Nikakaa kwenye jiwe la mlangoni. Nikasema moyoni, nyamaza tu, Petronila. Kesho watakunywa, watakunja nyuso, watatema. Na upawa utakuja wenyewe. Nilikaa pale nikifurahi. Ndiyo, nilifurahi, usinitazame hivyo."

Sikuwa namtazama vyovyote, wasikilizaji. Labda kidogo.

"Ikawaje, bibi?"

"Nikamsikia kule chini anasema, 'Saturio, vipi, iko sawa?' Halafu kimya. Alikuwa anangoja jibu. Kaka yangu yuko kaburini miezi saba, na yule anangoja jibu lake." Petronila akafunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Basi nikashuka."

Alishuka akamwambia, "We mwanamke, hii inanuka kama jino bovu." Eufrasia akakaa chini kwenye pipa. Akakiri yote, machozi yakimtoka: kwamba hasikii harufu tangu yale mafua, kwamba safari hii alikosa uhakika akatia karafuu, akaogopa, akatia tena. Akauinua upawa, akampa wifi yake. "Chukua. Ni wako tangu zamani."

Petronila hakuupokea. Alikwenda kwake akarudi na madumu mawili ya divai yake mwenyewe. Wakamwaga nusu ya beseni, wakaongeza divai, wakaongeza tofaa. Petronila akaonja. Bado. Wakaongeza tena. Akaonja. "Sasa acha."

Kesho yake sote tulikunywa. Eufrasia alitukodolea macho kama kawaida, na sasa mnajua alichokuwa anakitafuta. Alikuwa anasoma kwenye nyuso zetu kitu ambacho yeye hakipati. Na nyuma yake, karibu na mapipa, alikaa Petronila, tukidhani bado amenuna.

Hivyo ndivyo walivyofanya tangu 2005 hadi mwaka jana. Mara kumi na tisa. Mikono ya Eufrasia, ulimi wa Petronila. Hakuna aliyejua. Eufrasia alimruhusu aseme akishazikwa, si kabla.

Na Jumapili, baada ya mazishi, watu walimkabidhi Petronila upawa. Miaka arobaini na sita baada ya kuutaka. Juzi alitengeneza beseni dogo la kujaribu. Nikamuuliza limetokaje.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Nimeonja, nikageuka nimwambie. Mdomo umefunguka kabisa: 'Wifi, acha hapo hapo.' Hakuna mtu. Nikabaki na kijiko mkononi, Casilda, nalia kama mjinga. Ulimi wangu una faida gani kama sina wa kumwambia?"

Nimempa leso yangu, wasikilizaji.

Kwa Obdulia na watoto wake, na kwa ukoo wote wa Calleja, poleni sana. Tumempenda Eufrasia, na tunaona leo kwamba hatukumjua hata nusu. Kwako bibi Petronila, pole ya pekee, ya mtu aliyefiwa na wifi aliyemuumiza meno.

Na sisi tuliobaki tujitazame. Tulikunywa miaka yote ile, tukifuta midomo na kuomba kingine, wala hatukuuliza yule mama anatafuta nini usoni kwetu. Jumatatu ijayo ni Mtakatifu Martino. Petronila atakuwa nyuma ya beseni, kwa mara ya kwanza, na amekiri anaogopa. Mkishaonja, msimwachie asome nyuso. Mwambieni, kwa sauti, ikoje.