Gari la Mkunga Linachemsha

Mkunga alipanda basi kwenda kuandikiana hati ya mauzo na mnunuzi wa gari lake, uso umemshuka kama aliyefiwa. Fundi magari mstaafu aliyeketi kando yake akamuuliza kulikoni. "Linachemsha, baba. Gereji wanasema injini imekufa."

"Linachemsha mwendoni au kwenye foleni?"

"Kwenye foleni tu."

"Basi injini ni nzima, mwanangu. Mwendoni upepo huipoza; kwenye foleni hutegemea feni ya rejeta, na hiyo ndiyo haizunguki."

Mkunga akashusha pumzi ndefu. Gari hilo lilimfikisha kwa wajawazito wangapi, hata hesabu hakuwa nayo! "Kwa hiyo nisiuze?"

"Tengeneza feni, kisha uza. Limezeeka."

"Hata wewe umezeeka, baba, na leo umenifaa."

Mzee alikuwa bado anabisha basi liliposimama. Mkunga akashuka akicheka, akavuka barabara kungojea basi la kurudi.