Mwalimu Wachuka na Wanawake Thelathini na Sita wa Kutus

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, kutoka Naro Moru hadi Mweiga, kutoka Othaya hadi Kutus. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko shambani, keti kidogo. Leo tunamkumbuka mtu.

Tunamkumbuka Jerusha Wachuka Nderitu, aliyetuacha Jumatano ya wiki iliyopita mjini Nyeri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Wapo waliomjua kama mpiga taipu. Wapo waliomjua kama afisa wa wafanyakazi katika kiwanda cha makadamia. Na wapo, hasa vijana, waliomjua kama Mwalimu Wachuka wa chuo cha biashara. Mpiga taipu, afisa, mwalimu. Ni mtu mmoja huyo huyo, na nimeshinda wiki nzima nikiwapigia watu simu, nikijaribu kuelewa jinsi mtu mmoja alivyoishi maisha hayo yote.

Alizaliwa Naro Moru mwaka wa 1962. Baba yake, mzee Gathogo, alikuwa mpagazi. Aliwabebea wageni mizigo wakipanda Mlima Kenya. Mzee hakujua kusoma, lakini kila mgeni aliyeshuka salama alimwandikia barua ya kumsifu, naye alizihifadhi barua hizo kwenye mkebe wa majani ya chai. Kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote, yenye mwandiko wa kupendeza. Alimwonyesha kila mtu barua hiyo kwa miaka minne.

Wachuka alipofika umri wa miaka kumi, mzee alimwambia amsomee hiyo barua. Msichana akaisoma kimya kwanza. Akasita.

"Soma," baba akasema.

"Baba, inasema... inasema wewe ni mwaminifu, lakini unatembea polepole mno."

Mzee Gathogo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Basi huyo mzungu anajua kuandika, lakini hajui kwa nini alifika juu bila kutapika."

Wasikilizaji, ugonjwa wa mlima humshika anayepanda kwa pupa. Mzee alijua. Wachuka aliwahi kuwasimulia wanafunzi wake kisa hicho, akawaambia kwamba siku ile ndiyo aliyogundua kuwa barua ya sifa inaweza kuwa ya kweli kila neno, na bado ikose jambo kubwa kuliko yote.

Alimaliza kidato cha nne, akasomea uhazili: kupiga taipu na hati mkato. Mwaka wa 1982 akaajiriwa katika ofisi moja ya wakulima mjini Nyeri. Akakaa hapo miaka kumi na saba. Akaolewa na Simeon Nderitu, fundi seremala. Wakamzaa binti yao, Wendy.

Halafu ikaja Machi ya mwaka wa 1999. Asubuhi moja bosi alimwekea Wachuka mezani karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kisha akatoka haraka. Yalikuwa majina manne. Ofisi imenunua kompyuta, kwa hiyo wanne hawa waandikiwe barua za kuachishwa kazi. Wachuka akachapa ya kwanza. Akachapa ya pili. Jina la tatu lilikuwa lake.

Akaingiza karatasi kwenye mashine, akaichapa na hiyo.

Mzee Simeon, mumewe, aliniambia hivi kwa simu: "Alikuja nyumbani mapema, akaweka hiyo barua kwa meza. Mimi nikasoma, nikashangaa. Nikamwambia, ati hawa watu wanafukuza mtu kwa barua safi namna hii, hakuna hata kosa moja? Akaniangalia. Akasema, 'Baba Wendy, hiyo nimepiga mimi.'"

Nilimwuliza mzee, je, alilia? Akanijibu, "Alilia Jumamosi. Jumatatu akaniambia, hiyo kompyuta imenitoa kazini, lazima nijue inakaa aje ndani."

Akajiandikisha kujifunza kompyuta. Alikuwa na miaka thelathini na saba, amekaa kati ya vijana waliotoka shule juzi, na mwalimu wake alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka wa 2001 akapata kazi ya ukarani katika kiwanda cha makadamia pale Kutus. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alilala Kutus katika chumba cha kupanga. Ijumaa jioni alirudi Nyeri. Akapanda ngazi taratibu, mpaka akawa afisa wa wafanyakazi. Na mwaka wa 2012, akiwa na miaka hamsini kamili, akaanza kusomea shahada ya biashara mjini Nyeri. Masomo yalikuwa kila Jumamosi.

Mhadhiri wake, Daktari Kingori, anakumbuka siku alipokuwa akifundisha usimamizi wa mabadiliko kazini. Alisoma kitabuni kwamba wafanyakazi wa kiwango cha chini kwa kawaida hupinga teknolojia mpya. Mkono wa Wachuka ukainuka.

"Daktari, hao wafanyakazi wa hii kitabu, kuna mtu aliwauliza?"

Darasa likacheka. "Mimi sikucheka," Daktari Kingori aliniambia. "Nilirudi nyumbani nikatafuta kurasa za marejeleo. Hakuna aliyewauliza."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye jambo lililomfanya ajulikane. Mwaka wa 2016. Kiwanda cha Kutus. Wanawake thelathini na sita.

Makadamia ikishapasuliwa, kokwa zake hupita kwenye ukanda unaotembea. Wanawake thelathini na sita walisimama kando ya ukanda huo kutwa nzima, wakiokota kokwa mbovu. Kazi yao ilikuwa macho na vidole. Wengi hawakufika darasa la nane. Zabibu Athman, mzaliwa wa Nyeri mjini, aliishia darasa la nne, na alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Meneja, Bwana Farid, akamwita Wachuka ofisini. Bwana Farid amestaafu sasa, na aliniruhusu niseme haya.

"Mama Wachuka, mashine yenye kamera inakuja mwezi ujao. Itachagua kokwa yenyewe. Waandikie wale akina mama barua. Wote thelathini na sita."

Wachuka hakuketi. "Bwana Farid, hiyo mashine itasimamiwa na nani?"

"Tutaajiri vijana wenye diploma."

"Hao vijana washawahi kuona makadamia mbovu?"

Bwana Farid akauliza, "Unataka nini, Mama?"

"Nipe siku tisini niwafunze hao hao akina mama. Wakishindwa, nitaandika barua. Na nitaanza na jina langu."

Akampa siku sitini.

Siku sitini, wasikilizaji. Mkufunzi akiwa mwanafunzi mwenyewe, na darasa likiwa kantini ya kiwanda, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya zamu. Walianza na jinsi ya kuwasha kompyuta. Mmoja wao, Kagure, alikataa kabisa kuigusa. Alisema maneno ambayo wenzake bado wanayakumbuka: "Hii ndiyo inakula kazi yangu, halafu mimi nioshe sahani yake?"

Wachuka alimwachia kiti chake mstari wa mbele. Kila asubuhi kiti kilikuwa pale.

Siku ya arobaini na moja, mashine ikiwa imeshafungwa kando ya ukanda, fundi wa kampuni iliyoiuza alikuja kutoka Nairobi. Kijana mwerevu, jina lake Mburu. Mashine ile ilihitaji kuonyeshwa kwanza kokwa nzuri na kokwa mbovu, ndipo ijue kuzitenga. Kitabu cha maelezo kilitaja aina sita za ubovu. Mburu akaionyesha zote sita. Mashine ikanguruma, mbovu zikarushwa huku, nzuri zikaanguka kule. Watu wakapiga makofi.

Zabibu akasogea kwenye ndoo ya kokwa nzuri. Akatia mkono, akachota. Akatoa tatu.

"Hii. Hii. Na hii."

"Hizo ni sawa, Mama," Mburu akasema. "Mashine imezipitisha."

Zabibu akaomba kisu. Akapasua ya kwanza. Ndani ilikuwa imeoza, rangi ya udongo. Ya pili, imeoza. Ya tatu, imeoza.

Mburu akauliza, "Umejuaje?"

"Iko na kivuli."

"Kivuli gani?"

Mburu alichukua kokwa nyingine ambayo Zabibu aliichagua, akaiweka chini ya kamera, akatazama picha kwenye skrini. Hakuona kitu. Akaikuza. Hakuona. Akaikuza tena mpaka kokwa moja ikajaza skrini yote, na hapo, wasikilizaji wapendwa, pembeni kabisa, kukatokea mduara wa kijivu mwembamba kama unywele.

Zabibu akawageukia, akawaangalia meneja, fundi na Daktari Kingori aliyekuwa amekuja kuangalia mradi wa mwanafunzi wake. Akauliza kwa mshangao wa kweli: "Kwani nyinyi hamwoni?"

Mburu alivua kofia. Aliniambia mwenyewe: "Nilikuwa nimefunga hizo mashine nchi nne. Siku hiyo nilihisi kama mtoto wa nasari." Akawaomba akina mama wamtajie aina zote wanazozijua. Kumbe walikuwa wamezipa majina yao wenyewe kwa miaka mingi: Jicho la Paka, Mwenye Kilemba, Mgonjwa wa Ndani. Kitabu kilitaja aina sita. Wale wanawake walitaja kumi na moja. Wachuka alisimama nyuma ya chumba akiziandika, na Daktari Kingori anasema machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya karatasi, naye hakujisumbua kuyafuta.

Siku sitini zikaisha. Ishirini na watatu walibaki kusimamia mashine kwa zamu. Saba walitumwa mashambani kuwafundisha wakulima kuvuna kokwa zilizokomaa. Hao ni thelathini.

Sita waliondoka. Kagure alikuwa mmoja wao. Barua zao Wachuka aliziandika, kama alivyoahidi, ila hakumtuma mtu. Alizipeleka yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Nilimpigia Kagure simu. Nilidhani hatataka kuongea. Aliongea. "Alikuja Jumapili baada ya kanisa. Akasema, 'Kagure, nimeshindwa kukuokoa.' Nikamfukuza. Jumapili ingine akarudi. Nikamfukuza tena. Mara ya tatu nikampa chai." Leo Kagure ana kitalu cha miche ya makadamia karibu na Kerugoya. "Usiseme kwa redio ati alinisaidia," akaniambia. "Hii kitalu nilifanya na mikono yangu. Lakini alikuwa anakuja. Miaka tisa, alikuwa anakuja."

Wachuka alipata shahada yake mwaka wa 2017, akiwa na miaka hamsini na mitano. Mwaka uliofuata chuo kikamwomba afundishe. Siku ya kwanza ya kila muhula aliwaambia wanafunzi waandike jambo moja wanalolijua ambalo halipo kwenye cheti chochote. Kijana mmoja kutoka Mweiga, Wahome, aliandika kwa mzaha: najua kukamua ng'ombe anayepiga teke.

Mwalimu akasoma kwa sauti, akamwangalia. "Wewe, ukimaliza hapa, nenda ukawe afisa wa wafanyakazi. Kazi ni hiyo hiyo."

Wahome hakuwa afisa wa wafanyakazi. Akawa mkufunzi wa kompyuta hapo hapo chuoni. Mwaka jana alipoanzisha somo la akili unde, hizi programu zinazojibu maswali na kuandika barua, mtu wa kwanza kujiandikisha alikuwa mwalimu wake wa zamani. Aliketi mbele, na daftari. Binti yake Wendy anacheka akilikumbuka hilo: "Mum alikuwa anaiuliza maswali ya makadamia, halafu anairekebisha. Anaiambia, 'Hapana, hapo umekosea, jaribu tena.' Kwa upole, kama anaongea na mwanafunzi."

Jumanne ya wiki iliyopita alifundisha vipindi viwili. Mchana akalalamika kichwa kinamuuma, na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Wanafunzi wake ndio waliomfikisha hospitali. Jumatano asubuhi akatutoka, Wendy akimshika mkono.

Atazikwa Ijumaa hii, nyumbani kwao Naro Moru. Nilifika kwake Ruring'u, hapo Nyeri, jana. Uani nilikuta wanawake wakimenya viazi, wengi wenye umri mkubwa, wamefunga leso. Nikamwuliza Zabibu, ambaye sasa ni msimamizi wa zamu, kama wote wametoka kiwandani. Akasema ndiyo. Nikamwuliza wako wangapi. Akaangaza uani, akasema wawili walishatangulia mbele za haki. Waliobaki wako hapa. Kagure ndiye aliyekuwa akisimamia sufuria.

Kwa mzee Simeon, kwa Wendy, kwa ukoo wote wa Gathogo na kwa wanafunzi wake, poleni sana. Mungu awape nguvu. Msiba huu ni wetu sote.

Nanyi wasikilizaji, kesho mkifika kazini, iwe ni ofisini, gereji au sokoni, tazameni aliye karibu nanyi. Mwulizeni anajua nini. Halafu mngoje jibu.

Na mimi niseme langu. Mwezi uliopita tulielezwa hapa studioni kwamba taarifa za hali ya hewa zitasomwa na sauti ya mashine. Nina miaka hamsini na minne. Niliogopa, na sikumwambia mtu. Jana, nikitoka Ruring'u, nilipitia pale chuoni. Wahome alikuwa akifunga mlango. Nikamwambia nataka kujiandikisha. Akanifungulia.

Naanza Jumanne.