Nilikuita Mara Saba

"Nilikuita mara saba!"

"Na zote saba nilikusikia, mwalimu."

"Ulikaa juu ya kile kilima cha mchanga kama umetiwa gundi, gari nusura lituache jangwani!"

Muuguzi aliyekaa nyuma yao basini alijifanya anasoma simu, ingawa ilikuwa imezima zamani. Wazee wawili hawa, mwalimu mstaafu na fundi wa kuchomelea vyuma, marafiki tangu shuleni, walikuwa wanarudi kutoka matembezini na mchanga hadi kwenye nyusi.

"Bwana wee, miaka thelathini nyundo inagonga humu kichwani, hata nikilala," fundi alisema. "Kule juu ikanyamaza. Mchanga mpaka jicho linachoka, hata nzi hakuna. Nikasikia moyo wangu unadunda. Nikauambia, kumbe upo!"

Muuguzi, ambaye kila siku husikiliza mioyo ya watu, akajishika kifuani.

"Uongo mtupu," mwalimu alidakia. "Mbona mimi nilikuwepo na sikusikia kitu?"

"Ungesikiaje, na mdomo wote ule?"

Basi likafika kituoni, dereva akazima injini. Mwalimu hakuinuka. Alimshika mwenzake mkono wa shati.

"Ndugu yangu," alisema polepole, "Jumamosi nirudishe kule juu."