Shukrani Mpya Kila Jioni

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama yetu alipokuwa kazini, yeye ndiye aliyetusimamia kuoga, na aliyeruka masikio alirudishwa majini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970. Alikaa nyumbani miaka miwili akitulea wadogo zake, kisha akaingia chuo cha ushonaji. Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha sare za shule, akawa mkata vitambaa kwa miaka arobaini. Hakuwahi kuchelewa, wala hakumvumilia aliyechelewa.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa kanisani na fundi saa, mwanakwaya wa sauti nzito. Mungu aliwajalia watoto watatu. Nyumba yao ilikuwa na sheria: katika sala ya jioni kila mmoja alitaja jambo moja la kumshukuru Mungu, na halikurudiwa ndani ya wiki. Mtoto akisema "afya," aliambiwa, "Afya ulishukuru juzi. Tafuta lingine, baba." Siku moja kijana wao alishukuru kwa kuwa shangazi ameondoka. Shangazi alikuwa bado mlangoni, anavaa viatu. Marehemu aliitikia "Amina," kisha akamtuma mtoto akaombe radhi.

Mwaka 2009 mumewe aliugua figo. Kwa miaka mitano marehemu alimwogesha, alimgeuza kitandani, akaenda kazini, akarudi kusali. Wengine walisema anajikaza tu mbele za watu. Si kweli. Alilia sana, na hakuficha machozi. Ila aliamini kwamba Kristo hakumwacha, na imani hiyo ilimfurahisha. Mumewe alifariki tarehe 2 Agosti 2014.

Siku aliyorudi kazini alitandika kitambaa vibaya, tabaka zote uso juu badala ya kutazamana, akakata mikono sitini ya makoti, yote ya kushoto. Kitambaa kile kilikuwa na uso mmoja tu, hivyo mikono ile haikuweza kugeuzwa iwe ya kulia. Mwenzake wa meza akauliza, "Dada, hii shule ina wanafunzi wa mkono mmoja?" Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, na hapohapo akalia.

Jioni hiyo alishukuru kwa ile mikono sitini, akasimulia alivyocheka. Kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na saba, akasimama. "Baba hana hata wiki mbili kaburini, mama, na wewe unacheka?"

"Nimecheka, mwanangu. Na baba yako namlilia hata sasa hivi."

Binti alitoka. Tangu siku hiyo hakutaja tena shukrani.

Kwa karibu miaka tisa, zamu ya binti ilipofika, marehemu alinyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua nje, kisha akaendelea. Alifanya hivyo hata binti alipohama na kuishi kwake mwenyewe. Sisi wadogo zake tulimshauri amkemee. Akajibu, "Shukrani ya kulazimishwa nimpelekee Mungu ya nini? Niacheni nimngoje." Tulimwona mlegevu. Tulikosea, na ni haki tuseme hivyo hapa.

Januari 2023 alikutwa na saratani ya ini, na tarehe 3 Juni alilazwa. Binti yake alihamia pale wodini, akalala kwenye kiti. Jioni ya tarehe 11 tulisali kando ya kitanda. Zamu ilipofika, marehemu alinyamaza kama kawaida yake. Binti alikuwa akimpaka mafuta miguuni. Bila kuinua kichwa alisema, "Nashukuru kwamba ulicheka siku ile. Usingecheka, ningezika wawili mwaka uleule."

"Hilo bado halijatajwa humu ndani," marehemu alisema. "Amina."

Alifariki kesho yake, tarehe 12 Juni 2023, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wanne. Tunamlilia tayari. Tusione haya kulisema hilo mbele za Mungu, kwa maana yeye hakuona haya kufurahi mbele za watu. Bwana ampe pumziko lenye amani.